Koilova umefunga, gari bado haieleweki: anzia hapa

Hii kitu nimeiona kwa watu wengi wenye Subaru, Altezza, Mark X na hizi Toyota 86 zinazoingia siku hizi. Mtu anajichanga anapata koilova za kuadjasti (shokapu na springi kwa pamoja, urefu na ugumu unabadilishika), anafunga, anashusha gari mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na fenda, anazungusha nobu zote za shokapu mpaka mwisho wa ugumu maana kichwani kwake ngumu ndo spoti, alafu wiki mbili baadae anaanza kulia gari inaruka ruka, haiingii kona, inagonga, tairi inaliwa upande wa ndani. Mwezi wa pili anaziuza. Koilova hazina kosa mkuu, umezifunga kama urembo.

Mimi nina Impreza WRX ya 2001, yale macho ya duara, na koilova zangu ni za mtumba nilizipata Ilala. Karibu kila kosa lililoandikwa hapa nimelifanya mwenyewe, mengine mara mbili.

Kabla hujashika nobu

Anza na upepo, sio utani. Nunua geji yako maana geji za sheli kila moja ina ukweli wake. Pima asubuhi gari haijatembea. Tairi ikipata joto la nyuzi 5 au 6 zaidi, upepo unapanda kama psi 1, kwahiyo ile 33 uliyojaza saa 12 asubuhi Mbezi Beach unaweza kuikuta 37 saa 8 mchana ukishakaa kwenye foleni ya Mwenge na lami imechemka. Sasa wewe umebadilisha kliki za nobu saa 12, umejaribu tena saa 8, unasema "kliki 3 zimeharibu gari", kumbe ni jua tu. Linganisha joto kwa joto, baridi kwa baridi.

Pili, chezo. Piga jeki, weka stendi (usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki tupu, hilo sitalirudia), shika tairi juu na chini uitikise, alafu kushoto na kulia. Ikicheza juu na chini angalia beringi na boljointi, ikicheza kulia kushoto angalia tairodi endi (ncha ya chuma cha steringi). Gari yenye tairodi iliyokufa hata ukiiwekea koilova za mashindano bado itakuwa inatafuta barabara kama mlevi.

Tatu, na hapa mafundi wengi wa mtaani wanakosea bila kujua: bushi za kontroo amu (mkono wa chini unaoshika tairi) zinakazwa gari ikiwa imekaa kwenye uzito wake. Zile za kawaida raba yake imeshikana na bomba la ndani na la nje, kwahiyo haizunguki, inajinyonga tu. Ukikaza boluti tairi zikiwa zinaning'inia, ukishusha gari bushi zinabaki zimenyongwa muda wote, gari inakaa juu kuliko inavyotakiwa, inakuwa ngumu ngumu ya ajabu, na bushi zinachanika mapema. Yangu ilifungwa hivyo kwenye gereji moja, nikahangaika na nobu kama wiki 3. Siku nimelegeza boluti zote gari ikiwa imekaa juu ya mbao nne, nikasikia "pwaa", mbele ikashuka karibu sentimita nzima yenyewe. Nikakaza upya. Nusu ya ugumu niliokuwa naulaumu ukaishia hapo hapo.

Nne, jua umesimama wapi. Nobu nyingi zinahesabiwa hivi: zungusha kulia taratibu mpaka igome, usilazimishe, hiyo ndo sifuri, alafu rudi kushoto ukihesabu kliki. Kama zipo 30 basi anzia 15 zote, kushoto na kulia sawa. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, kliki 2 au 3, mbele tu au nyuma tu, afu pita barabara ile ile kwa spidi ile ile. Na spidi yenyewe 40 hadi 50 inatosha kabisa kusikia mambo mengi, huna haja ya kwenda kutafuta kifo Bagamoyo Road usiku.

"Inaruka ruka, inadunda kama mpira"

Hili ndo lalamiko namba moja na lina sababu tatu tofauti zinazofanana ukiwa umekaa kwenye siti.

Sababu ya kwanza springi ni ngumu kuliko gari inavyohitaji. Koilova za Japani ugumu unaandikwa kwa kilo kwa milimita na mara nyingi springi yenyewe imechapwa namba, kipenyo (62 au 65 ni za kawaida), urefu, na ugumu. Soma hizo namba kabla hujalipa, maana za mtumba unakuta mtu ameshachanganya, za mbele ziko nyuma. Sasa fanya hesabu ndogo. WRX ina kama kilo 1,400, sehemu kubwa iko mbele, kwahiyo kona moja ya mbele springi inabeba kama kilo 360 ukitoa tairi na breki. Springi ya 5, kwa shokapu iliyosimama karibu wima kama ya Subaru, gari itapanda na kushuka kama mara 1.9 kwa sekunde. Ukiweka 8 inakuwa kama mara 2.3 na zaidi. Gari ya kawaida ya nyumbani iko kwenye 1 hadi 1.5. Ile 2.3 ni ya uwanja wa mashindano wenye lami kama meza, sio ya barabara ya Goba. Hapo hakuna nobu itakayokuokoa, badilisha springi.

Sababu ya pili ribaundi (nguvu ya shokapu kuishika springi inaporudi) ni laini mno, yaani springi imebonyea ikarudi na hakuna wa kuishika. Utaijua kwenye tuta: gari inapita, inashuka, inapanda tena, inashuka tena ndo inatulia. Inatakiwa ipande mara moja ikae. Ongeza ugumu kliki 2, pita tena. Kama umeongeza mpaka karibu na mwisho na hakuna kinachobadilika, hiyo shokapu imekufa, chungulia kwenye rodi utakuta mafuta yamechanganyika na vumbi yamekuwa tope.

Sababu ya tatu ni kinyume chake, na ndo inayowachanganya watu. Ribaundi ngumu mno. Kipimo chake kizuri Dar tunacho bure: rasta. Zile rasta za mistari mingi midogo kabla ya kivuko cha watoto wa shule. Pita kwa 40 na uwe makini na mgongo wako. Kama rasta ya kwanza umeisikia kidogo, ya tatu zaidi, ya sita inakupiga mpaka kwenye meno, maana yake tairi inabonyea kwenye kila mstari na haipati muda wa kurudi chini kabla ya mstari unaofuata, kwahiyo gari inazidi kuchuchumaa kila mstari mpaka inakalia raba ya mwisho wa njia ya shokapu. Mtu akisikia hivyo anasema shokapu laini, anaongeza ugumu, inazidi. Punguza. Mimi nilitoka 6 nikaenda 12 kuhesabu kutoka kwenye ugumu, na ile gari ikawa inapita rasta inanung'unika tu.

"Kona inaanza vizuri, katikati inanitupa"

Unaingia, gari imeshika, inalala kidogo, afu unapokutana na kiraka cha lami katikati ya kona ghafla tairi inaachia kama umekanyaga ganda la embe. Wengi wanakimbilia kununua tairi mpya. Kabla hujanunua fanya hivi: chukua kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye rodi ya shokapu, isukume ikae chini kabisa kwenye mdomo wa shokapu, kata mkia wake, nenda kaendeshe njia yako ya kila siku. Ukirudi angalia imesukumwa hadi wapi. (Kama shokapu zako rodi iko chini au imefunikwa na bomba, hii haitafanya kazi, utabidi uangalie alama kwenye raba yenyewe.)

Yangu niliifunga jioni, nikatoka Sinza nikapita Shekilango hadi Ubungo nikarudi, kilomita hazifiki 10. Nikakata steringi nikamulika ndani ya fenda kwa tochi ya simu. Ile kamba ilikuwa imepanda mpaka juu kabisa, imejibana chini ya raba, na raba yenyewe imepasuka upande mmoja imekuwa bapa kama chapati ya jana. Maana yake shokapu ilikuwa imeisha njia. Gari ikikalia raba, springi yako ya 5 inageuka kama ya 30 kwa ghafla, uzito wote unaangukia tairi moja, inaachia. Wala sio tairi mbovu.

Tiba: pandisha gari. Najua inauma. Na ukipandisha, pandisha kwa njia sahihi. Koilova zenye mguu wa chini unaozunguka zina sehemu mbili, ringi zinazoshika springi na mguu wenyewe. Urefu wa gari unaupata kwenye mguu. Ringi za springi ni za prilodi (mkazo wa awali wa springi), unakaza mpaka springi isicheze kwa mkono ukiwa umenyanyua gari, ukiongeza iwe milimita chache tu kama watengenezaji walivyosema, unaacha. Watu wengi wanapandisha na kushusha kwa ringi za springi, afu wanashangaa mbona gari imekuwa ya ajabu. Na ile stori kwamba ukikaza prilodi springi inakuwa ngumu sio kweli kwa springi ya kawaida iliyonyooka, 5 inabaki 5, unachobadilisha ni gari imekaa wapi kwenye njia ya shokapu. Kuna koilova nyingine mguu hauzunguki, hizo huna ujanja, urefu na prilodi vinaenda pamoja.

Kushusha sana kuna hasara ya pili isiyoonekana. Chuchumaa pembeni mwa gari iliyosimama sawa, tazama kontroo amu ya mbele. Ikitoka ndani kwenda kwenye tairi inatakiwa ielekee chini kidogo au ilale sawa na ardhi. Ikiwa inapanda kwenda kwenye tairi, umeshapitiliza: kwa gari za shokapu ya kusimama kama Subaru, sehemu ambayo bodi inalalia imeshuka zaidi kuliko uzito ulivyoshuka, kwahiyo gari inataka kulala kuliko mwanzo japo springi ni ngumu, na ikilala tairi ya nje inasimama vibaya. Unakuwa na gari ya chini, ngumu, inayolala. Hasara tupu.

"Pua inagoma kuingia"

Subaru injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwahiyo kugoma kidogo ni asili yake, usitegemee iwe Altezza. Ila uliza inagoma wapi.

Ikigoma unapoanza tu kukata steringi, hapo ndo nobu zina kazi. Legeza mbele kliki 2, au kaza nyuma 2, sio vyote kwa pamoja.

Ikigoma katikati, gari imeshatulia imelala, hujaongeza mafuta wala hujapunguza, acha nobu. Shokapu inafanya kazi pale tu bodi inapotembea, bodi ikitulia shokapu imelala usingizi. Hapo unaongea na stabilaiza (fimbo inayounganisha tairi za kushoto na kulia gari isilale), springi, upepo na kemba (ulalo wa tairi, juu kuingia ndani au kutoka nje). Stabilaiza nene kidogo ya nyuma ndo dawa ya zamani ya Subaru na inafanya kazi kweli. Kemba ya mbele kwenye hizi Impreza unaipata kwenye boluti ya juu ya zile mbili zinazoshika shokapu, ina umbo la yai, ukiizungusha tairi inaingia au inatoka. Kwa gari ya mjini mimi nakaa kwenye nyuzi 1.5 kuingia ndani, wanaoenda uwanjani wanafika 2.5 hadi 3 lakini hao tairi zao hazihesabu miezi. Ukishagusa kemba, tou (tairi kuangalia ndani au nje) inahama yenyewe, kwahiyo tou inapimwa mwisho siku zote. Fundi wa alaimenti akipima tou kwanza afu ndo anakuuliza "kemba nayo tuiguse?", lipa uondoke.

Kujua kemba inatosha huna haja ya mashine: chora mstari wa chaki nene kutoka katikati ya tairi mpaka ubavuni, mbele zote mbili, kata kona kadhaa, shuka uangalie chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika mpaka ubavuni tairi inajikunja, ongeza upepo psi 2 kwanza, bado, ongeza kemba.

"Mkia unataka kunipita"

Kwa gari za kusukuma nyuma kama Altezza na Mark X. Fanya kinyume cha hayo ya juu: legeza nyuma. Lakini kabla ya hapo pima tou ya nyuma. Tairi za nyuma zikiangalia nje hata kidogo, gari inakuwa na wasiwasi kila ukibadilisha leni, na mvua ya masika ikianza ndo utajua. Ziangalie ndani kidogo. Basi.

"Kulia inakata vizuri, kushoto haitaki"

Hapa uzito haujagawanyika. Koilova nne ni kama meza ya miguu minne, ukirefusha mguu mmoja meza inasimama kwa miguu miwili ya kukingamana, na gari vivyo hivyo. Mizani ya kupimia tairi nne kwa pamoja ni adimu, kwahiyo tunaenda kienyeji. Tafuta sakafu iliyo sawa kweli kweli, ihakikishe kwa mpira mwembamba wenye maji kama mafundi ujenzi wanavyofanya kwenye msingi. Nusu tenki ya mafuta. Kwenye siti ya dereva weka uzito wako: mfuko wa saruji ni kilo 50, juu yake kiroba cha sembe cha kilo 25, hapo una mtu wa kilo 75 asiyelalamika. Fungua linki moja ya stabilaiza mbele na moja nyuma ili isivutane. Pima kwa futi kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda (sio kutoka chini, tairi zinaweza kutofautiana) na sawazisha kushoto na kulia. Sukuma gari mbele na nyuma kila ukishusha jeki, tairi zikishuka zinakuwa zimejibana, ukipima hapo hapo unajidanganya. Kabla ya kurudisha linki hakikisha inaingia bila kulazimishwa, kama inalazimishwa, tatizo umelirudisha mwenyewe kupitia stabilaiza.

Urefu sawa sio lazima uzito uwe sawa, hasa kama gari iliwahi kugongwa na fenda kunyooshwa. Ila ni mwanzo mzuri kuliko macho.

"Inagonga"

Fuata mpangilio wa bei. Kwanza nati kubwa za kulokia kwenye koilova, zinalegea siku za mwanzo, zikaze kwa spana yake ya ndoano na uzirudie baada ya kilomita 100 hivi. Pili linki za stabilaiza, hizi ndo mchawi mara nyingi, sauti ya "kla kla" kwenye vishimo vidogo kwa spidi ndogo. Tatu nati ya juu ya rodi. Nne mauntini (kiti cha juu cha shokapu): zile za chuma bila raba zina beringi ndogo ndani ambayo vumbi na chumvi ya bahari vinaimaliza, weka mkono kwenye springi mwenzako azungushe steringi, utaisikia mkononi. Kama springi yenyewe inaruka na "twaing" ukikata steringi, imekaa vibaya kwenye kiti chake. Na wenye STI za miaka hiyo, shokapu zake za kiwandani zimepinduliwa, mwili wa shokapu unateleza ndani ya bomba lenye grisi, ikikauka zinagonga kama zimekufa kumbe zinataka grisi tu.

Wanaokaa Kigamboni, Masaki, Mbezi Beach: nyuzi za kuzungushia ringi kwenye koilova zinaliwa na hewa ya bahari. Sugua kwa brashi na maji, kausha, paka grisi kidogo, kila miezi miwili. Usizungushe ringi kwenye nyuzi zenye mchanga, itagoma katikati na hapo ndo unaanza kutafuta nyundo.

"Steringi inajikata yenyewe kwenye matuta, na tairi inaliwa ndani"

Karibu siku zote hivi viwili ni ndugu. Umeshusha, tairodi imepanda mshazari, kila tairi inapopanda inavutwa kuangalia pembeni. Na tairi kuliwa ndani wengi wanasema kemba, lakini kemba ya nyuzi 1.5 peke yake inakula taratibu mno. Tou ikiwa imetoka nje ndo inayochana, inaiburuza tairi kila mita. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje afu rudi, ukihisi meno upande mmoja kama msumeno basi ni tou.

Yangu kwa sasa iko hivi, kwa anayetaka pa kuanzia kwenye gari kama hii: springi 5 mbele na 4 nyuma, kliki 12 mbele na 14 nyuma kuhesabu kutoka ugumu, upepo 33 mbele na 32 nyuma asubuhi, tou ya mbele sifuri, vidole viwili kati ya tairi na fenda na kimoja kinacheza. Nyuma kushoto bado inagonga nikipita viungio vya daraja la Kigamboni, linki nimeshabadilisha, Jumapili nashusha mauntini.